Fundo la Leso

Alfajiri ya Alhamisi, Julai 27, 2023, mwanangu wa miaka miwili aliamka akihema, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi. Julai huku Olenguruone ni baridi na ukungu, na nimonia naijua, ilimchukua dadangu. Daktari alimsikiliza kifua, akasema tusikawie, twende Nakuru.

Pesa nilikuwa nazo. Wiki hiyo nilikuwa nimeuza magunia sita ya viazi, shangi safi, na mnunuzi akanilipa kwa simu. Zote zilikuwa humo. Stejini nikatuma nauli, ikagoma. Nikajaribu tena, ikagoma. Nikamkimbilia wakala. "Mama, hata mimi leo sitoi. Hakuna mtandao." Matatu ikajaa, ikaondoka. Mtoto mgongoni alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kogo mmoja, bibi mzee muuza mboga, alikuwa akinitazama. Aliinuka, akafungua fundo kwenye pembe ya leso yake: noti zilizokunjwa ndogo kama kidole, zinanuka moshi. Akanihesabia elfu moja na mia tano. "Nenda. Utarudisha." Hakuniuliza mimi ni wa nani.

Tulipita Keringet, tukapita Molo, nikimwekea mkono puani kila kona.

Jioni, mtoto akiwa kwenye oksijeni, redio ya wodini ilimtaja Waziri Eliud Owalo akikiri kwamba eCitizen, mlango wa huduma zaidi ya 5,000 za serikali, imeshambuliwa. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijitapa kuwa ndilo lililofanya hivyo, likidai Kenya inaingilia mambo ya Sudan. Siku hiyo watu walihangaika pia na pesa za simu na tokeni za stima. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Mashambulizi ya aina hiyo hayavunji kufuli. Hujaza mlango maombi ya uongo hadi mwenye haja ya kweli asipate pa kupita. Mwenye haja siku ile nilikuwa mimi, na mtoto mgongoni.

Oktoba 2024 nikasikia ndugu wawili Wasudani wameshtakiwa Marekani kwa kuendesha kundi hilo. Nilikaa kimya muda mrefu. Nilitamani waione ile steji.

Mwaka ule wa 2023, hospitali ilituruhusu baada ya siku tano. Nilimpelekea kogo pesa zake, noti mkononi. Hakuzihesabu.

"Anapumua vizuri?"

"Anapumua, kogo."

Akafunga fundo lake.