Mashini iliyokuwa inazimika, na kijana niliyemwita mwizi

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nina deni na kijana mmoja fundi wa hapa Uvira, na deni lenyewe nililichukua mbele ya watu, kwa hiyo nalilipa mbele ya watu.

Wengi mnajua kwamba baada ya mafuriko ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka njiani na kubeba nyumba, mimi nilizunguka na simu yangu nikirekodi sauti na sura za watu. Nilipata zaidi ya masaa tisa ya mazungumzo. Mwaka uliofuata, familia kadhaa ziliniomba nitengeneze filamu fupi ya kuonyesha siku ya ukumbusho. Mama mmoja wa Kimanga alinifuata mara mbili nyumbani. Mume wake nilikuwa nimemrekodi wiki mbili baada ya maji, na kabla ya mwaka kuisha mzee yule alifariki. Mama hakuwa na kitu kingine chenye sauti yake.

Mashini yangu ni kompyuta ya mezani niliyoinunua ya mitumba Bujumbura mwaka 2019. Ndani ina prosesa ya Core i5-4570, ya mwaka 2013, si mpya lakini kazi inafanya. Mwezi wa pili 2021 niliipeleka kwa kijana huyo mwenye kibanda kidogo huko Kavimvira aniongezee memori, kutoka giga 4 hadi 8. Alifanya, nikalipa, nikaifunga kwa kamba kwenye pikipiki nikarudi nayo nyumbani ikiwa imelala ubavu, ikiruka kila shimo.

Kuandika habari, hakuna shida. Kusikiliza sauti, hakuna shida. Lakini nikiiambia itengeneze video, ndiyo kazi inayofanya prosesa itumie nguvu yake yote, dakika tatu haziishi: tap, giza. Haisemi kitu, haionyeshi ule ukurasa wa bluu, inazimika kama mtu amechomoa kamba ukutani.

Mimi nikajua nimeibiwa. Hapa kwetu kila mtu ana hadithi ya fundi aliyetoa kifaa kizima akaweka kibovu. Nikarudi Kavimvira na hasira yangu, nikamkuta kijana na wateja wanne. Nikamwambia arudishe prosesa yangu. Alisema, «Papa, mimi sikuchukua kitu. Mashini yako inasikia joto, ilete niiangalie.» Nikamjibu kwamba mwizi hapewi mlango mara ya pili. Na wale wateja wanne walisikia. Kiisha niliwaambia wengine pia, njiani na kanisani.

Rafiki yangu mwalimu ndiye aliyenitoa kwenye upumbavu huo, tena bila kujua. Aliniuliza tu: umesoma jina la prosesa kwenye skrini? Sikuwa nimesoma. Tulipofungua, jina lilikuwa lile lile lililoandikwa kwenye karatasi ya Bujumbura. Usiku tukaweka programu ya MemTest86 ipime memori mpaka asubuhi. Kosa hata moja halikupatikana. Kifaa alichoniuzia kijana kilikuwa kizima.

Basi tukaweka programu nyingine ya kuonyesha joto. Mashini ikipumzika: digrii 61, nyingi tayari. Nilipoanza video, namba zilipanda kama maji ya mto, 80, 92, 99. Prosesa za aina hii zikifika digrii 100 zinajipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi sana zinakata kila kitu ili zisiungue. Tulifungua sanduku. Feni ilikuwa imevaa vumbi jekundu kama blanketi. Na ile feni ya Intel inashikwa na miguu minne ya plastiki inayoingia kwenye matundu ya kibao. Mguu mmoja ulikuwa umechomoka, feni imeinuka upande. Ni pikipiki yangu hiyo, na kamba yangu. Pasta ya katikati ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi.

Tulisafisha kwa mswaki na pampu ya baiskeli (shikeni mapanga ya feni yasizunguke mnapopuliza), tukapaka pasta mpya kiasi cha punje ya mchele, tukabonyeza miguu yote minne mpaka ikalia. Joto likashuka: 68 kwenye kazi nzito. Nilifurahi, nikampigia yule mama simu.

Dakika ya ishirini, tap, giza.

Sikulala. Ilikuwa tarehe 12 Aprili. Asubuhi nilikwenda Kavimvira bila hasira na bila maneno mazuri. Kijana alinitazama, akafunga kibanda, akachukua kipimo chake cha umeme, akapanda nyuma yangu. Hatukuongea mpaka nyumbani.

Aliingiza sindano za kipimo kwenye waya wa njano na waya mweusi wa alimentasyo, huku mashini inawaka (jambo hili msijaribu kama hamna mazoea). Ikipumzika, volti 12 kamili. Video ilipoanza, 11.6, 11.3, 11.1. Akaniambia chini ya 11.4 haikubaliki. Kiisha akapima ukutani. Ilikuwa karibu saa moja ya jioni, wakati kila nyumba inapika na taa zinakuwa za manjano: volti 168, pahali pa 220. Alimentasyo yenyewe, alipoifungua baada ya kuichomoa na kungoja, ilikuwa na kondensa tatu zilizovimba vichwa. Yaani ilikuwa inazeeka tangu Bujumbura, na kazi nzito ndiyo iliyoiangusha.

Alimentasyo nyingine haikuwepo siku hiyo. Akaonyesha njia ya kungojea: kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, akashusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 hadi 70 kwa mia. Mashini inakuwa polepole, lakini inakula umeme kidogo. Tulianza saa sita ya usiku, watu wamelala na umeme umepanda. Filamu ya dakika arobaini ilichukua masaa saba. Nilikaa pembeni yake kama mtu anayelinda mgonjwa.

Tarehe 17 tuliionyesha. Mama wa Kimanga hakulia mume wake alipoonekana. Alilia alipocheka, maana mzee alikuwa na kicheko cha kukohoa, na mimi karibu ningekikata nikidhani ni makelele.

Wiki iliyofuata kijana aliniletea alimentasyo iliyotoka kwenye mashini nyingine iliyokufa, akaiweka na stabilizateri ndogo mbele yake. Mpaka leo haijazimika hata mara moja. Nilitaka kumlipa mara mbili. Alichukua bei ya kawaida, akarudisha zilizobaki, akaniuliza: «Papa, wale uliowaambia, utawaambia nini?»

Wateja wawili kati ya wale wanne hawakurudi kwake. Mmoja nimemkuta, nimemweleza. Wa pili alihamia Baraka na sina namba yake. Kama unasoma huko, ni wewe uliyekuwa na redio ya kijani mkononi siku ile: kijana hakuiba kitu. Redio yako bado anayo, ameitengeneza, iko kwenye rafu ya juu.