Mita Zangu Zilikuwa Nne

Kwa miaka sita nilikuwa na mwalo kando ya kijito, nje kidogo ya Katoro. Wenzangu wa Geita wanaijua kazi hii: mawe yanasagwa kwenye karasha, unga wake unamwagiwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia, dhahabu inanasa, tope linateremka mtoni. Kilichonasa tulikisugua kwa zebaki ndani ya karai, mikono mitupu, na maji ya karai tukayamwaga palepale. Daftarini niliandika viroba vya mawe, dizeli na vibarua. Maji sikuwahi kuyaandika.

Kiangazi kimoja mke wangu alitoka saa kumi jioni kwenda kuteka maji, akarudi saa nne usiku na dumu moja. "Kisima cha bondeni kimejaa tope lenu," alisema, akaenda kulala. Hilo "lenu" lilinikwama kooni. Lakini nisijipambe: sikuacha kazi siku ile. Niliacha baadaye, madeni yaliponizidi. Ndipo nikajiunga na kikundi cha mtaani cha kutunza vyanzo vya maji, na kwa kuwa najua kusema, nikapewa kuandaa semina.

Ya kwanza tuliifanya darasani. Nilisimama mbele ya ubao nikaeleza Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Watu walisinzia, aliyekuwa macho aliulizia posho. Mwishoni mzee mmoja akanyoosha fimbo.

"Mwanangu, si wewe uliyekuwa na mwalo pale kwenye mikuyu?"

"Ndimi, mzee."

"Mita zako zilikuwa ngapi?"

Nilikadiria kichwani, jasho likinitoka. "Nne."

Darasa zima lilicheka. Kicheko kilipokwisha nikaanza upya, safari hii bila karatasi: nikasimulia karai, zebaki, na dumu moja la saa nne usiku. Nilipokaa, mama mmoja akasimama akasema shamba lake la mpunga limefika ukingoni kabisa. Kijana wa bodaboda akakiri anaoshea pikipiki mtoni. Kisha yule mzee akatukumbusha Shinyanga, ardhi iliyofyekwa hadi ikaitwa jangwa. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliiotesha tena kwa kurudia ngitili za Wasukuma, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ile kiangazi, anayeingiza ng'ombe akishitakiwa kwenye dagashida, baraza lao la kimila. "Nyasi za ng'ombe tuliweza kuzifungia," alisema. "Maji ya watoto yanatushinda nini?"

Toka siku ile, iwe Nyarugusu, Lwamgasa au Buseresere, semina zetu tunazifanyia ukingoni, na anayetangulia kusema ni mkosaji. Wenye mialo wanaonyeshana jinsi ya kuchimba mashimo mawili mbali na mto: la kwanza linatuliza tope, la pili linakusanya maji yaliyotulia, pampu inayarudisha mwaloni. Maji yaleyale yanazunguka, na dizeli ya kuvuta mengine inapungua. Zebaki tunaisemea peke yake, kwa kuwa tope hutuama lakini zebaki haiozi. Karai halikanyagi ukingo.

Halafu tunapima paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 1,000, yaani madumu 50. Hapo akina mama huwageukia waume zao na kuulizia mfereji wa bati. Kwangu uliwekwa wiki ile tulipopima paa mara ya kwanza, na sikusubiri kuulizwa.

Kijito hakijarudi kama nilivyokiona utotoni. Kisima cha bondeni kimesafishwa, lakini mke wangu bado hakiamini. Anachemsha maji yake mara mbili. Mwalo wangu wa zamani nao upo, tope lake limepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Vijana walitaka kuufukia nikawazuia. Semina ikiwa Katoro, tunaanzia pale, na naomba mtu mmoja ashike kamba apime hadi majini, wenzake wasome kwa sauti.