Vuli ya Mwanangu Hapa Dunga



Nyinyi kina mama wa pwani mnaijua tanga mbili. Kusi imekwisha, kaskazi haijaingia, na bahari hulala kama mtoto aliyeshiba. Kwa wengine huo ni wakati wa kushona matanga na kukwangua vyombo. Kwa mwanangu ni wakati wa kurudi nyumbani, kwa kuwa riziki yake ni upepo. Huko Diani huwafunza wageni kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, huku tiara kubwa ikiwavuta kutoka angani. Upepo ukikata mwezi wa Oktoba, huvuka Likoni na kupanda basi, na siku ya pili namsikia akipiga hodi mlangoni pangu hapa Dunga, Kisumu.

Dunga ni ufuo wa wavuvi, mbele kidogo ya hifadhi ya wanyama ya Impala, kando ya Ziwa Victoria. Kinamasi cha mafunjo kimeuzunguka, na ndani yake wamo ndege wasioishi kwingine ila kwenye mafunjo. Vuli ya huku ina utaratibu wake. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu na kuwasukuma wavuvi kwenda ziwani. Adhuhuri hutulia. Alasiri hugeuka ukatoka ziwani, ukawarudisha nyumbani, na nyuma yake huja wingu jeusi, radi na mvua ya magharibi.

Mwanangu huipenda saa ile ya alasiri. Huchukua ubao mfupi wa kulalia kifua na kwenda kuyapokea mawimbi. Ananiambia kwamba mawimbi ya bahari hutoka mbali na huja kwa nafasi, lakini ya ziwa huzaliwa papa hapa, ni mafupi, makali, yamebanana. Tena ziwa halijui bamvua wala maji mafu. Hakuna mtu wa kukuonya kwamba maji yanajaa. Jioni hurudi ametota na macho mekundu, akiniomba chai, nami humpikia ngege wa kupaka kwa nazi alizoniletea kutoka Ukunda. Samaki wa ziwa katika tui la pwani! Majirani zangu walianza kwa kunicheka, na sasa hutuma watoto na vibakuli.

Niseme ukweli, wenzangu. Miaka mingi sikuyatazama mawimbi hayo. Nilifunga dirisha.

Baba yake alikuwa mvuvi. Mwezi wa Machi mwaka 1996 chombo chao kilipinduka kwenye dhoruba ya jioni, si mbali, mbele ya gati tu. Waliokuwa ufuoni walisikia sauti zao. Kama wavuvi wengi wa ziwa hili, mume wangu alijua nyavu, nyota na tabia za samaki, lakini hakujua kuogelea. Mtoto alikuwa na miaka minne. Nilikuwa bado ndani ya eda ilipokuja habari ya tarehe 21 Mei, kwamba meli ya MV Bukoba imezama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Nikasema moyoni, ziwa hili halitamwona mwanangu.

Nikamkataza hata kuosha miguu ufuoni. Alipofika miaka kumi nikaona hatari ni kubwa, nikampeleka Ukunda kwa dada yangu akasome. Mwenye kuogopa huwa haoni mbali. Nilimkimbiza na ziwa, nikamkabidhi kwa bahari. Wavulana wenzake walimfunza kuogelea kabla muhula wa kwanza haujaisha, na dada yangu akanificha miaka mitatu.

Vuli hii alikuja na binti yake wa miaka minane. Siku ya tatu mtoto akanijia: "Bibi, baba amesema atanifunza kuelea, ila nikuombe ruhusa wewe kwanza." Nikajibu haraka kuliko adabu inavyotaka: hapana. Mwanangu hakubishana. Aliniamkia asubuhi kama kawaida, akakaa mkekani karibu nami, akasema, "Mama, wewe ulinizuia maji kwa mapenzi. Lakini mtoto huyu anaishi kati ya bahari na ziwa. Tutamzuia mpaka lini, naye anapanda vyombo kila siku?"

Sikuwa na jibu. Nikaweka masharti. Viboko hulisha usiku na kurudi majini alfajiri, basi asiingie mpaka jua limekaa vyema. Asikaribie mafunjo, kwa kuwa konokono wa kichocho hukaa penye majani, na wote wawili wapelekwe zahanati baadaye. Upepo ukigeuka, watoke. Alikubali yote, kisha akacheka: "Mama, na wewe utakuwa wapi?" Nikasema nitakuwa chomboni, nimeshika kamba.

Saa nne ya asubuhi tulisukumwa nje ya mafunjo. Mtoto alivaa nguo zake ndefu za kuogelea, akakumbatia dumu tupu la manjano, na kamba ikatoka kiunoni mwake mpaka mkononi mwangu. Baba yake alikuwa ndani ya maji kando yake. Alimweleza kwamba maji ya chumvi humbeba mtu, lakini haya matamu humbeba kidogo, kwa hiyo ajuaye kuelea hapa ataelea popote. "Lala kama kitandani. Tazama juu. Pumua." Siku ya kwanza alikunywa maji na kulia. Siku ya nne aliliachia dumu.

Siku ya tisa alielea na kujisukuma kwa miguu kutoka chomboni mpaka kwenye nguzo za gati. Niliupima umbali ule kwa macho, nikaupima tena. Ulikuwa karibu sawa na ule ambao babu yake aliushindwa.

Ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu, nami sisemi kwamba ningeweza kuibadilisha. Lakini nilikaa chomboni nikifahamu kwamba miaka yote ile nilimnyima mwanangu kitu kilekile ambacho baba yake alikikosa.

Wenzangu mnaoishi karibu na maji, msiwafungie watoto wenu dirisha. Watafutieni mwalimu mwaminifu, wasichana kwa wavulana, kwa stara yao na kwa tahadhari zote, wafunzwe kuelea kabla ya kufunzwa kuogopa.

Novemba inakwisha. Kaskazi itaanza kuvuma, na mwanangu ameshafunga mzigo wake. Ubao mfupi ameuacha nyuma ya mlango wangu. Mjukuu wangu amesema nisimpe mtu.

Wassalaam.