Coventry, Mji Uliofuma Majina

Akina mama wengi tunapochagua nguo za mitumba, iwe Memorial pale Moshi, Karume pale Ilala au Gikomba kule Nairobi, mkono hutangulia shingoni. Twageuza ukosi, twasoma lebo, ndipo twauliza bei. Kile kipande cha utepe ndicho kinachotuambia kama nguo ni pamba au nailoni, na kama itavumilia pasi ya mkaa. Je, msomaji mpendwa, umewahi kujiuliza ni nani anayekitengeneza? Sisi wanawake wanne wa kikundi cha ushonaji cha kanisa letu, wawili kati yetu wauguzi, tulijiuliza swali hilo hadi tukafika Coventry, mji wa katikati ya Uingereza.

Tuseme kweli, hatukusafiri kwa ajili ya lebo peke yake. Dada mmoja tuliyesoma naye chuo cha uuguzi anafanya kazi huko katika nyumba ya kutunzia wazee, naye ndiye aliyetualika. Lakini tulikuwa na jambo letu moyoni. Duka moja la mjini kwetu lilikuwa limetaka sare za shule kutoka kikundi chetu, kwa sharti kwamba kila sare iwe na lebo. Mfanyabiashara mmoja alitutajia bei ya lebo za poliesta zinazong'aa, ila hauzi chini ya elfu moja kwa mara moja. Fedha hizo zingemaliza akiba yetu ya vitambaa. Baadhi yetu walisema tulipe tu, tusipoteze mteja. Wengine walisita. Tukaondoka nyumbani tukiwa bado hatujakata shauri.

Asubuhi ya kwanza mwenyeji wetu alitupeleka Cash's Lane, kando ya mfereji wa mashua. Hapo pana safu za nyumba za matofali zilizoshikana, ghorofa tatu kwenda juu. Chini ni makazi. Juu kabisa ni chumba chenye madirisha makubwa kupita kawaida, kwa sababu ndicho kilichokuwa karakana ya mfumaji, na mfumaji huhitaji mwanga. Nyumba hizi zilijengwa kuanzia mwaka 1857 na ndugu wawili, John na Joseph Cash, watu wa dhehebu la Marafiki, lile lile lenye waumini wengi kule Kaimosi. Walikusudia nyumba 100, zikamalizika 48. Mashine moja ya mvuke uani ilizungusha mtaimbo uliopita katika vyumba vyote vya juu, ili mfumaji afanye kazi ya mtambo bila kuondoka nyumbani kwake.

Tulisimama pale tukibishana kidogo. Mmoja wetu, mwenye watoto wadogo, alisema huo ndio mpango ambao kila mama angeutamani: kazi juu, jiko chini. Mwingine akajibu kwamba mashine ya mvuke haimsubiri mama amalize kunyonyesha. Nadhani wote wawili walisema kweli.

Kazi yenyewe ilikuwa kufuma tepe za hariri za kupambia kofia na magauni. Nusu ya mji iliishi kwa tepe, kwa namna ya kusema. Kisha mwaka 1860 Uingereza na Ufaransa zikafanya mkataba wa biashara, ushuru wa hariri ya Kifaransa ukaondolewa, na tepe za bei nafuu zikaingia kwa wingi. Mitindo ya kofia nayo ikabadilika. Wafumaji wa Coventry wakakosa kazi, njaa ikaingia majumbani, na maelfu wakauacha mji, wengine wakivuka bahari.

Waliobaki walifanya nini? Hapa ndipo ziara ilipoanza kutunufaisha. Mfumaji mmoja, Thomas Stevens, mwaka 1862 alianza kufuma alama za kuwekea vitabu zenye picha na maneno. Wengine wakaingia katika kiwanda cha cherehani, na ilipofika mwaka 1869 kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza baiskeli. James Starley, fundi wa cherehani na baiskeli hizo, amewekewa mnara wa kumbukumbu mjini hapo. Nao akina Cash wakatumia mashine zao za tepe kufuma majina ya watu: vijitepe vyeupe vyenye jina la mtoto kwa uzi mwekundu, vya kushonwa kwenye sare za shule za bweni. Baadaye wakafuma lebo za washonaji na maduka. Mashine zilikuwa za tepe, ujuzi ulikuwa wa tepe, kilichobadilika ni kile tepe ilichosema.

Maua na herufi hizo zilifumwa kwa kadi ngumu zenye matundu, ufundi ulioletwa na Mfaransa Jacquard mwaka 1804. Penye tundu uzi unainuka, pasipo tundu unabaki chini. Watu waliounda kompyuta baadaye waliazima wazo hilo la kadi zenye matundu.

Jioni tuliingia kanisa kuu. Lile la zamani lilipigwa mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, na kuta zake zimeachwa wazi zisiezekwe. Jipya, lililowekwa wakfu mwaka 1962, lina zulia la ukutani lenye picha ya Kristo, zaidi ya mita 20 kwenda juu, lililochorwa na Graham Sutherland na kufumwa Felletin, Ufaransa. Tukiwa washonaji, tulikaa mbele yake kwa muda mrefu kuliko tulivyopanga.

Siku ya pili tulikwenda kazini kwa dada yetu. Kwa muuguzi, lebo si pambo. Nguo za wazee huoshwa pamoja, na mzee aliyepoteza kumbukumbu hawezi kusema sweta hili ni langu. Akivishwa la mwenzake anafadhaika siku nzima, na binti yake akija kumtazama anaumia. Kwa hiyo kila nguo ina jina lililofumwa na kushonwa shingoni. Dada yetu alituonyesha pia aina mpya zinazotumiwa katika madobi ya hospitali: kidude chembamba kilichoshonewa ndani ya pindo la shuka, chenye chipu na waya, kisicho na betri. Mashine ya kusomea ikipita karibu hukiamsha kwa mawimbi ya redio, nacho hutaja namba yake. Shuka mia moja zinahesabiwa bila kufunguliwa. Zipo zilizotengenezwa zivumilie kufuliwa mara 200 kwa maji ya moto.

Huko ndiko watengeneza lebo wanakoelekea sasa. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni iliyoanza kutumika tarehe 18 Julai 2024, na nguo ni miongoni mwa bidhaa za kwanza zilizopangwa kupewa kile wanachokiita pasipoti ya kidijitali: namba au alama kwenye nguo, na nyuma yake taarifa za mahali ilikotengenezwa, nyuzi zake, na namna ya kuitumia tena. Ufaransa ilitangulia. Tangu mwaka 2023 makampuni makubwa huko yanatakiwa kumwambia mnunuzi nguo ilifumwa wapi, ilitiwa rangi wapi na ilishonwa wapi, na kama zaidi ya nusu yake ni nyuzi za plastiki, aambiwe kwamba ikifuliwa hutoa chembechembe za plastiki. Alama inayotumiwa sana ni ile miraba midogo myeusi na meupe tunayoiona madukani kwa kulipia kwa simu. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari.

Lakini lebo yenyewe isiwe taka nyingine. Shati la pamba tupu linaposhonewa lebo ya poliesta, anayetaka kulirudisha kuwa uzi lazima kwanza aikate. Chipu nyingi zimebandikwa juu ya plastiki na waya wa alumini. Ndiyo maana wapo wanaofuma lebo kwa pamba isiyonyunyiziwa dawa za viwandani, wanaotumia uzi wa chupa zilizoyeyushwa kwa nguo ambazo nazo ni poliesta, wanaobandika waya juu ya karatasi, na wanaofunga kadi ya bei kwa kamba ya pamba badala ya kile kipini cha plastiki ambacho watoto hukiokota na kukitia mdomoni. Wengine huchapa maneno moja kwa moja kwenye kitambaa, na hakuna cha kuwasha shingo. Hilo sisi wauguzi tunaliunga mkono kwa mikono miwili, maana tumeona shingo za watoto wenye pumu ya ngozi.

Tunayo shaka moja. Lebo inayosomwa na simu pekee haimfai mama asiye na simu hiyo, wala mnunuzi wa Memorial miaka kumi baadaye, kampuni ikiwa imekwisha kufungwa na taarifa zake kupotea. Zile alama za beseni, pembetatu na pasi zilizoanza kuenezwa na chama kimoja cha Paris mwaka 1963 zinasomwa hata na asiyejua kusoma. Zisiondolewe.

Tuliporudi tulimjibu yule mfanyabiashara kwamba hatutanunua. Tulinunua utepe wa pamba wa kawaida, tukachongesha mhuri wa mpira, tukatafuta wino usiotoka. Lebo yetu ina jina la kikundi, aina ya kitambaa, beseni na pasi, na chini yake namba inayoandikwa kwa mkono. Namba hiyo imo katika daftari: nani alishona, lini, na kitambaa kilitoka jora lipi. Duka lilisita, kisha likakubali sare 60 za kujaribu.

Muhula uliopita mama mmoja alikuja na sketi iliyochujuka baada ya kufuliwa mara tatu. Namba yake ilikuwa 47. Tulifungua daftari, tukakuta sketi nyingine kumi na moja zilizokatwa katika jora hilo hilo, tukawatafuta wazazi wake mmoja mmoja na kuwashonea nyingine. Kumi tumewapata. Wa kumi na moja amehamia Singida, na sketi yake imekwisha tumwa kwa basi.