Kutoka Murban hadi Mbarika

Mwanangu, wewe umezaliwa mwenge wa rifainari ya Changamwe, Mombasa, ukikaribia kuzimika, kwa hiyo ile harufu huijui. Ilikuwa harufu ya kiberiti na lami ya moto. Kusi ikivuma ilipanda hadi Mikindani na kulala kwenye nguo zilizoanikwa. Mgeni aliziba pua, sisi wenyeji tulishasahau kama ipo. Rifainari ilianza kazi 1963, mwaka wa uhuru, chini ya Shell na BP, na serikali ikaja kuchukua nusu yake 1971. Nilipoingia mimi, kijana ndevu za kuhesabu, meli zilileta mafuta ghafi ya Ghuba, hasa Murban ya Abu Dhabi, zikafunga gatini Kipevu. Sisi tukayapasha moto mnarani yakajitenga, gesi juu, kisha petroli, mafuta ya taa na dizeli, na chini kabisa yale mazito meusi ya viwandani na melini.

Asubuhi shifti ya usiku ikitoka, mama mmoja wa Chaani alitungoja na mahamri, senti kumi moja, na chai ya tangawizi. Hapo Mswahili, Mkamba, Mjaluo na Mhindi tulinuka sawa. Msimamizi wetu alikuwa Mkamba wa Makueni, mrefu, uso mkavu usiocheka ovyo, ambaye pampu ikikohoa alijua inaumwa wapi kabla hajaiona. Ndiye aliyenisimulia kuwa kwao mbarika huota wenyewe pembezoni mwa shamba, na bibi zake walikamua mafuta yake wakajipaka mwilini na kulainishia ngozi. Mimi mbarika niliujua kwa kijiko cha dawa ya kuendesha tumbo tu, nikiwa nimebanwa pua. Wakati huo, 1973, Waarabu wa mafuta walikuwa wamekaza mkono, na pipa la dola 3 hivi likakaribia 12 mwaka mpya ulipoingia. Redio ilimtaja Sheikh Yamani, waziri wa mafuta wa Saudia, kila jioni. Nani angekumbuka mbegu za nyika?

Rifainari iliacha kusafisha mafuta Septemba 2013, nami nikiwa nimekwisha kustaafu. Mitambo ilikuwa imezeeka, na mafuta yaliyosafishwa ng'ambo yalifika bei nafuu kuliko yetu. Ikabaki matangi. Ndipo 2021 Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, ikatia saini makubaliano na serikali yetu: wakulima wapande mbarika na mbegu nyingine za mafuta, na Changamwe nayo ifikiriwe kugeuzwa kiwanda cha mafuta ya mimea. Mwaka uliofuata kinu cha kukamulia kikafunguliwa Makueni, kwa kina msimamizi wangu. Oktoba 2022 shehena ya kwanza ya mafuta hayo ikatoka bandari ya Mombasa, kwenda Gela, Sicily. Gela nayo ni rifainari ya miaka ya 60, rika la yetu. Eni iliacha kusafisha mafuta ghafi hapo, ikaibadilisha mitambo, na tangu 2019 rifainari hiyo inapokea mafuta ya mimea na hata ya kukaangia yaliyotumika. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka Nairobi hadi Amsterdam ikiwa imechanganyiwa mafuta ya Eni ya namna hiyo.

Sibezi. Kampuni ya mafuta ina mabomba, meli, wahandisi na fedha ambazo mkulima wa Makueni hatazipata kwa harambee, na kuibadilisha mitambo ya kale ni bora kuliko kuiuza chuma chakavu. Lakini pia sidanganyiki. Novemba 2022, mwezi mmoja baada ya ile shehena ya mbarika, kampuni hiyohiyo ilisafirisha shehena ya kwanza ya gesi ya mtambo wa Coral Sul, baharini Msumbiji. Mfanyabiashara hafungi duka la zamani kwa kuwa amefungua jipya. Hulifunga likikosa wateja, au serikali ikimbana.

Kinachonisumbua mimi ni kingine. Zamani ghafi ilitoka kwa wenzetu, tukaisafisha sisi, na vijana wa Changamwe wakajifunza kazi inayolisha nyumba. Sasa ghafi inatoka kwetu na kusafishwa ng'ambo. Moshi ukipungua duniani, nitashukuru kama yeyote. Ila wakija kukuhubiria nishati safi, mwanangu, wasikilize kwa adabu, kisha waulize kiwanda kitajengwa wapi na nani atafundishwa kukiendesha.