Tuwakumbuke Watunza Maktaba wa Hospitali

Sisi tunaofanya kazi katika hospitali na nyumba za wazee huku Marekani tumezoea kuwashukuru madaktari na wauguzi. Mkutubi wa hospitali hatumkumbuki. Chumba chake mara nyingi kiko chini kabisa, jirani na stoo, na siku anapostaafu hukatiwa keki, basi.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Tumtaje basi Marcia Noyes, ambaye nje ya fani yake wachache wanamjua. Alianza kazi mwaka 1896 katika maktaba ya chama cha madaktari wa Maryland, mjini Baltimore. Madaktari walipofungua jumba jipya mwaka 1909, alihamia ghorofa ya juu, akaishi humo humo. Aliyehitaji kitabu usiku alijua pa kubisha hodi. Chama cha maktaba za tiba, kilichoundwa mwaka 1898, kiliongozwa na madaktari wanaume mpaka mwaka 1933, alipochaguliwa yeye, mwanamke na mkutubi. Alifariki mwaka 1946, baada ya miaka 50 ya utumishi.

Mwingine ni Gertrude Lamb. Mwaka 1971, huko Kansas City, aliwatoa wakutubi maktabani wakaandamana na madaktari wodini. Swali likizuka kitandani pa mgonjwa, mkutubi alikwenda kulitafutia jibu.

Faida ya watu hawa tumeionja wenyewe. Tulipokuwa tukimuuguza mtoto wa mwenzetu mwenye selimundu, daktari alikuwa na haraka na maneno yake yalitupita. Mkutubi ndiye aliyetukalisha, akatuchapishia maelezo mepesi, akasubiri tuulize. Hapo tukaelewa kuwa homa kwa mtoto yule si ya kungojea kupambazuke. Wiki chache baadaye homa ikaja saa nane usiku. Hatukungoja, na mtoto alipona.

Tangu mwaka 1997 kila mtu anaweza kupekua tafiti za tiba bure kwenye intaneti kupitia PubMed, na zipo hospitali zilizofunga maktaba zao. Lakini kompyuta ingetumwagia majibu elfu, nasi tulihitaji moja.

Basi wenzetu, mkiingia kazini wiki hii, ulizeni maktaba iko wapi. Shukeni, mkamjulie hali aliyemo, mkamwulize na jina lake.