Cheyenne: Mji na Jina Lake

Ukifika Cheyenne, makao makuu ya jimbo la Wyoming huko Marekani, usitafute ngome za kale. Mji huu ni mtoto wa reli. Mwaka 1867 wapimaji wa reli ya Union Pacific walipiga vigingi katika mbuga tupu (tupu machoni mwao, kwani Wacheyenne waliwinda nyati humo), na kabla ya mwaka kwisha garimoshi likawasili.

Desemba 1869, baraza la kutunga sheria lililokutana mjini humo liliwapa wanawake kura. Ni sifa ya haki. Lakini mwanamke wa Kicheyenne hakuhesabiwa raia. Sheria ya kuwafanya wenyeji wote wa asili kuwa raia ilipitishwa mwaka 1924. Leo Wacheyenne wa kaskazini wana ardhi yao Montana, na wenzao wa kusini wako Oklahoma.